Mgongo wa Fundi Mbaraka

Kijana aliyekuja kunigongea mlango Kisauni alikuwa mtu mzima mwenye mvi, lakini kwangu mimi kila aliye chini ya sitini ni kijana. Alisema jina lake Salim, ametoka Shika Adabu, ng'ambo ya feri, na baba yake amefariki alfajiri. Nikampa pole, kisha nikamwuliza baba yake ni nani. "Mzee Bakari," akasema. "Watu wa zamani walikuwa wakimwita Koplo." Akaongeza kwamba marehemu ameacha wasia asioshwe na mtu mwingine ila mimi. Nikamwomba anisubiri nivae viatu, nikainama nikivitafuta chini ya kitanda, na kumbe vilikuwa miguuni. Sikuwa nimesema na baba yake tangu mwaka ule wa vita. Mara mbili tulizokutana kwenye feri ya Likoni, kila mmoja wetu aliona kuna jambo la maana sana la kutazama upande mwingine. Sasa nikavuka na mwanawe, na mwaka mzima ukanirudia kabla hatujafika ng'ambo.

Watu wakiniuliza mwaka ule ulikuwaje, huwajibu kwamba ulikuwa mwekundu, nao hudhani natania. Nilikuwa na miaka ishirini, mchinjaji katika machinjio ya Changamwe. Lilikuwa banda refu la mabati, limejengwa haraka ili kulisha askari waliojaa mjini, na kila asubuhi ng'ombe wa bara waliteremshwa wamekonda kwa safari na wana wazimu wa kiu. Katikati ya sakafu ulipita mfereji wa damu, na kando yake palikuwa na pete ya chuma iliyozamishwa kwenye saruji. Kamba ya pembe hupitishwa katika pete ile, watu wakavuta mpaka kichwa cha mnyama kikalala chini. Wengine wakamfunga miguu. Mchinjaji akasoma bismillahi, akakata. Kisu kilikuwa cha sisi Waislamu. Kamba na kuchuna zilikuwa kazi za yeyote mwenye misuli, na wengi wao walikuwa vijana wa kanisani kutoka Rabai na Kaloleni. Ng'ombe aliyekatwa koo halii. Pumzi yake hupiga mluzi kwenye jeraha, na miguu hupigapiga sakafu mpaka inyamaze. Saa tatu za asubuhi nilikuwa mwekundu hadi viwikoni, na saa nne nilikuwa nimekaa juu ya debe nakunywa chai kwa mikono ileile.

Msimamizi wetu alikuwa Fundi Mbaraka, na asije mtu akadhani alikuwa malaika. Alikuwa mfupi, mnene, mdomo umeiva kwa tambuu, mwenye matusi ya kuwainamisha vichwa hata makuli wa bandarini. Siku moja alinizaba kofi la kunitoa machozi kwa kunoa kisu mbele ya ng'ombe. "Mnyama ana mato kama wewe," akaniambia. "Wewe wapenda uone kisu chako chanolewa?" Alikuwa ametundika pazia la magunia kati ya zizi na sakafu, ili wanaongoja wasiwaone waliotangulia. Lakini siku ya kwanza niliyopewa kukata, nilipomwuliza nianzie wapi, hakunionyesha. Aliniuliza, "Wataka kufanyaje?" Nikamwambia. "Na akirusha kichwa?" Nikafikiri, nikamwambia. "Haya," akasema, akageuka akanipa mgongo, akawa anatafuna tambuu yake huku ameukabili ukuta. Nilidhani nimemwudhi. Baadaye nikaelewa kwamba ndiyo njia yake: ukishamwonyesha kwamba umefikiri, hakutazami tena, na macho yanayobaki kazini ni yako mwenyewe. Nilikipima kisu tena mwenyewe, nikakata vizuri.

Ukitoboa ngozi wakati wa kuchuna, hakukupiga. Aliitundika mlangoni, akakuita, akakwambia, "Hii ni yako," basi. Uliipita ukiingia na uliipita ukitoka, mpaka ulipokwenda mwenyewe kumwomba akuonyeshe mkono ulikosea wapi, na hapo alikuwa tayari kukaa nawe mpaka adhuhuri. Kila mtu alikuwa na kisu chake, akakinoa mwenyewe, akakijaribu juu ya ukucha wa kidole gumba. Na sheria yake moja haikuwa na mjadala: mwenye kamba ya pembe ndiye mwenye neno. Yeye ndiye anayeusikia mwili wote wa mnyama mikononi mwake. Akisema "bado", hata kama mchinjaji amekwisha kuinama, kisu hakishuki.

Kamba ya pembe ilikuwa mikononi mwa Kahindi. Yeye na mimi tulipanga chumba kimoja cha udongo, kitanda chake upande wa msalaba wa mbao aliouchonga mwenyewe, changu upande wa msala. Alikuwa na mabega mapana na sauti ndogo ya kuchekesha, na alipika sima na mtsunga, ile mboga chungu ya kwao, akanilazimisha niimalize. "Kula, sahibu," alikuwa akisema. "Uchungu wa mboga haujaua mtu." Mimi nilileta maini au kipande cha moyo kutoka kazini, tukakaanga kwa kitunguu, na mlango ukiwa wazi majirani wote walijua tunakula nini. Mkewe, Dama, alikuwa Kaloleni na mimba ya kwanza. Kahindi alimweleza mambo yote ya kazi kila alipokwenda Jumapili, mpaka nikamtania kwamba Dama akija mjini atapewa usimamizi. Alicheka akasema Dama angetusimamia vizuri, maana kule nyumbani yeye ndiye mwenye kamba.

Yaliyomwondoa Fundi Mbaraka alijitakia, nami sipendi kumsafisha. Wachunaji wawili waligombania ngozi, kila mmoja akisema si yeye aliyeitoboa, na mmoja akampitishia mwenzake kisu kiganjani, vidole viwili vikabaki vinaning'inia kwa ngozi tu. Mbaraka alikuwa palepale, hatua nne, amewapa mgongo. Bwana Mkubwa, yule Mzungu aliyekuwa na ofisi ndogo ya mbao kando ya mizani, alikuja akatazama damu ya mtu iliyochanganyika na ya ng'ombe, akamhamishia Mbaraka kwenye ua wa matumbo, kuosha utumbo pamoja na vibarua. Baada ya siku tatu akaja Koplo.

Alikuwa ametoka vitani na mguu mmoja anaouburura, filimbi shingoni na fimbo ya ngozi ya kiboko kwapani. Aliondoa pazia la magunia ili akisimama penye mizani atuone wote kwa mara moja. Alikusanya visu vyetu, akavitia katika sanduku lenye kufuli. Asubuhi ulipewa chochote kilichotangulia kutoka, kimenolewa na mtu mmoja kwenye jiwe la kuzungusha kwa mkono, makali yameungua. Alichora nyayo kwa chokaa sakafuni, hapa mchinjaji, hapa wa kamba, hapa wa miguu. Mlio mmoja, vuta. Miwili, funga. Mitatu, kata. Kamba ya miguu, iliyokuwa ikizungushwa mara mbili, sasa ilizungushwa mara moja kwa sababu alikuwa ameipima kwa saa yake. Alikuja nyuma yako akakushika kifundo cha mkono, akakisogeza upana wa kidole, na pumzi yake ikawa shingoni mwako kutwa. Neno lolote lilikuwa kosa. Mchunaji mmoja aliyeomba kunoa kisu tena alipigwa mbele yetu mpaka shati likagandana na mgongo, na Koplo akahesabu fimbo kwa sauti, taratibu, kana kwamba naye anapimwa na saa.

Na mimi, niseme ukweli nilioficha miaka mingi, nilimpenda. Sikumpenda mtu, nilipenda ule usingizi. Kwa Mbaraka nilirudi nyumbani kichwa kinauma kwa maswali. Kwa Koplo nilisimama juu ya nyayo zangu za chokaa, nikangoja milio mitatu, na siku ikaisha. Ng'ombe walioangushwa waliongezeka, Bwana Mkubwa alitabasamu, na Koplo alinitaja mbele ya wote kuwa mimi ndiye wa kuigwa. Nilijisikia vizuri kama mpumbavu anavyojisikia. Jioni ile Kahindi alinipa sima nusu ya kawaida, nami nikajua maana yake.

Siku moja tulikuwa tumejibanza nyuma ya ofisi, Kahindi na mimi, tunakula mihogo ya kuchemsha kwa pilipili, tukasikia ndani ya mbao Bwana Mkubwa akimsema Koplo. Alimsema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, polepole, kama asemavyo mtu na mbwa. Ngozi moja imetobolewa, akasema, na ngozi ni viatu vya askari. Ikitobolewa ya pili, Koplo atarudi alikotoka, na barua ya kumzuia kupata kazi yoyote itamtangulia. "Ndiyo, Bwana," Koplo akasema. "Nitawasimamia zaidi, Bwana." Sauti yake ilikuwa nyembamba, sikuijua. Alipotoka alitukuta na mihogo mdomoni. Akatuchapa sote wawili, mimi begani, Kahindi usoni. Kahindi alijifuta damu ya pua akamwambia, "Pole, Koplo." Aliisema kwa moyo safi, nami nilikuwepo. Koplo akampiga tena.

Fahali mweusi aliletwa siku ya Alhamisi, baada ya kusimama zizini tangu alfajiri akitazama kila kitu, kwa kuwa pazia halikuwepo. Alikuwa amewaona wenzake kumi na mmoja. Alipoingia alikuwa ametokwa na povu, na ilibidi watu sita wavute kamba mpaka kichwa kikafika penye pete. Milio miwili, wakamfunga miguu, mzunguko mmoja. Nilikuwa juu ya nyayo zangu. Kisu nilichopewa asubuhi ile nilikuwa nimekijaribu juu ya ukucha kwa siri, kikateleza bila kuacha alama, nami nikakinyamazia. Niliinama, nikasoma bismillahi. Kahindi alikuwa amechuchumaa karibu nami hata nikasikia harufu ya jasho lake. Akasema, bila kelele, kama alivyokuwa akisema zamani, "Bado, sahibu. Mguu wa nyuma haukushika."

"Nani amesema?" Koplo akauliza kutoka kwenye mizani. Nilimtazama Kahindi, naye alinitazama, na kulikuwa na muda, wallahi kulikuwa na muda, wa kuinua mkono na kurudi nyuma hatua moja. Kisha milio mitatu. Nikakata. Kisu kilipasua ngozi kikakwama kwenye nyama, nikakivuta tena, na fahali akapiga teke moja, mzunguko ule mmoja ukafunguka. Kamba ilimchana Kahindi viganja, lakini hakuiachia. Angeiachia, kichwa kingenijia mimi. Fahali aliinuka na damu yake yote inamwagika mbele, akamchukua Kahindi kwa pembe chini ya mbavu, akamkimbiza mpaka ukutani, akampigiza pale mara tatu, mara nne, mabati yakilia, mpaka nguvu zilipomwisha akamwangukia. Tuliposogeza kichwa kile, pembe ilitoka na vitu vya ndani. Kahindi alikuwa hai bado. Alinitazama akitaka kusema, ikatoka damu tu. Hakuchukua muda.

Sikumbuki nani alianza. Nakumbuka filimbi ikipigwa, mlio mmoja, miwili, mlio mmoja, bila mpango wowote, kisha ikakatika. Wachunaji walimwangusha Koplo kwa ule mguu wake mbovu, wakampiga kwa kamba zilizolowa, kwa mateke, kwa ndoo. Mmoja alimvunja vidole kwa kulabu ya kutundikia nyama. Watu waliokuwa hawasemi tangu Koplo aje sasa walikuwa wakipiga mayowe, na mimi nilipita katikati yao nikiwa na kisu changu butu, wakanipisha. Walijua mimi ndiye wa kwanza kudai damu ya Kahindi. Nilimshika Koplo nywele nikaikunja shingo yake kama ninavyoikunja shingo ya kondoo.

Hapo akaja Fundi Mbaraka kutoka ua wa matumbo, mikono imejaa kinyesi cha utumbo hadi viwikoni. Alimtazama Kahindi kwanza. Akapiga magoti akamfumba macho, akainuka, akaja akasimama mbele yangu. Nilingoja aninyang'anye kisu. Angeninyang'anya ningemwachia, nilikuwa nataka aninyang'anye. Akaniuliza, kwa sauti ileile ya siku ya kwanza, "Wataka kufanyaje?" Nilizikaza nywele za Koplo mkononi. Kisha akageuka, akanipa mgongo.

Nilikata. Sikukata koo, mkono ulipanda, ukampasua shavu kutoka sikioni hadi kidevuni, nyama ikafunguka nikaona meno. Mpaka leo sijui kama ni mimi niliyeuinua mkono ule au kisu kiliteleza kwa ubutu wake. Nimejipa majibu yote mawili, kwa kutegemea siku. Koplo alilia kwa sauti nyembamba ile niliyoisikia ofisini. Mbaraka aligeuka, akalitazama shavu, akanitazama. "Hii ni yako," akasema. Akamwita kibarua alete maji.

Askari polisi walipofika, Bwana Mkubwa alikuwa amejifungia ofisini, na Koplo alikuwa amekaa ameegemea mizani, kitambaa shavuni. Wakamwuliza ni nani aliyemkata. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, kisu bado mkononi. Alinitazama, akasema kwa shida, "Pembe. Ni pembe ya fahali." Wakaandika hivyo, wakaenda zao.

Nguo za Kahindi nilizipeleka Kaloleni mwenyewe, pamoja na ule msalaba. Dama alikuwa amekaa mlangoni, tumbo limemjaa, naye hakulia mbele yangu. Aliniuliza jambo moja tu. "Hakusema 'bado'?" Nikamwambia alisema. Akaitikia kwa kichwa, akazipokea nguo, akaingia ndani. Nimekuwa na maisha marefu, nimeosha maiti na kuzika wengi, na hakuna swali lililowahi kunipiga kama lile. Niliporudi nilimfuata Mbaraka nyumbani kwake, nikamwambia kwamba nilikuwa nimeshasoma bismillahi, na mkono uliosomewa haurudi nyuma. Nilikuwa naliamini jambo hilo, au nilikuwa nimeanza kuliamini tangu Alhamisi. Alikuwa anakula wali na papa. Aliacha kutafuna. "Nani alokwambia?" akasema. "Bismillahi yasomwa tena. Waisoma mara mia, kisu kikiwa juu." Kisha akanisogezea sinia nile, na nikala, huku nalia kama mtoto, na mkewe akajifanya ana kazi jikoni.

Baadaye nilikuwa msimamizi, miaka thelathini, katika ghala la ngozi Kisauni. Nilidhani kwa niliyoyaona ningekuwa Mbaraka mtupu. Lakini kumpa mtu mgongo ni kazi ngumu. Mara ngapi nilijikuta nyuma ya kijana fulani, pumzi yangu shingoni mwake, nikimsogezea mkono upana wa kidole. Kila nilipoogopa wakubwa wangu, nilimsikia Koplo akisema ndani ya mbao zile, "Nitawasimamia zaidi, Bwana." Nilijifunza kurudi nyuma hatua moja, kuuliza, kunyamaza na kugeuka. Siku nyingine niliweza.

Sasa Koplo alikuwa amelazwa juu ya kitanda cha kamba kilichozungushiwa mashuka, uani kwao Shika Adabu, na nje wanaume walikuwa wakizungumza kwa sauti za chini juu ya kaburi na mbao. Tulikuwa wawili tu ndani, mimi na Salim wa kumimina maji. Vidole vya mkono mmoja vilikuwa vimepinda. Kovu lilikuwa limesinyaa, limefifia, lakini lilikuwa palepale, kutoka sikioni hadi kidevuni. Nililipitishia kitambaa, mkono ukasita. Salim aliona. "Pembe ya fahali hiyo," akasema kwa upole, kana kwamba ananituliza. "Zamani, huko Changamwe. Alikuwa akijaribu kumwokoa rafiki yake, mtu aitwaye Kahindi. Kila mwaka alikuwa akituhadithia. Alikuwa akilia."

Mwosha maiti hufunzwa jambo moja kabla ya yote: anachokiona, anakifunika. Aibu ya maiti haitoki nje ya mashuka. Nilisimama na kitambaa kinachuruzika, nikafikiri juu ya filimbi, na fimbo, na pazia la magunia, nikayafunika yote, kwa sababu yalikuwa yake. Kovu halikuwa lake.

"Si pembe, mwanangu," nikasema. "Ni kisu, na mkono ni huu. Na Kahindi alisema 'bado', nikamsikia mimi, nikakata. Hii ni yangu."

Salim aliniangalia, kata ya maji mkononi. Nilikuwa tayari kwa lolote. Akaiweka kata ndani ya ndoo, taratibu, isimwagike. Kisha akageuka akanipa mgongo, akasimama ameyakabili mashuka. Sikujua ni hasira au ni nini, wala sikumwuliza. Nikaichukua kata, nikasoma bismillahi upya, nikaanza upande wa kulia.